Mtoto wa Jaani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, nyanya yangu alimchukua mdogo wangu mchanga akaenda kumtupa kwenye jaa la takataka, na akina mama wa mtaa wetu wa Jericho, Nairobi, wakamsifu. Leo mtu akisikia hivyo atakimbilia polisi. Wakati ule, miaka ya sabini ikielekea kwisha, hakuna aliyeshtuka. Wote walijua kwamba watoto wawili walionifuata mimi walikuwa wamekufa kabla hawajajua kutembea, na kwamba wote wawili walifia mgongoni mwa nyanya.

Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu. Susu wangu, mamake baba, alikuwa mfupi, mweusi tii, na akishasema neno nyumbani limekwisha. Baba aliposimamishwa ukarani huko Industrial Area bila kosa, susu alikwenda kwa miguu hadi lango la kiwanda, akatandika leso, akaketi. Kila siku alikuwa pale, akisuka kiondo chake, mpaka meneja akamrudisha baba kazini, nadhani ili gari lake lipate kupita. Basi mwanamke huyo ndiye aliyeamua kwamba mtoto huyu kifo hakimpati.

Dawa yenyewe aliitoa kwao Ukambani. Mtoto anatupwa, mtu asiye wa ukoo anamwokota, kisha anawauzia wazazi kama kitu cha ovyo. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa nyumba ile kinakuta ni taka tu iliyookotwa, kinakwenda zake. Jina lake linakuwa Mbiti, yaani fisi, mnyama asiyetamaniwa na mtu. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, alijaribu kupinga.

"Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Wale wawili si walibatizwa? Niambie wako wapi."

Baba alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe jina la Daudi, na hilo jina akalimeza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Susu alimlaza mtoto kwenye ungo wenye matambara, akamweka kando ya jaa mwisho wa nyumba zetu, akarudi bila kugeuka. Jirani yetu Mama Wanjiru, Mkikuyu aliyeuza sukuma wiki, alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta, maana alitakiwa angoje mpaka susu aingie ndani. Na lori la baraza la jiji la kuzoa taka, ambalo lingeweza kupotea mwezi mzima, likachagua saa hiyo hiyo kuja. "Lori ya kanjo! Lori ya kanjo!" watoto tukapiga mayowe. Mama Wanjiru alitimua mbio mpaka kiatu kikamtoka, akanyakua ungo pamoja na mtoto, na akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata mama yangu, aliyekuwa analia tangu alfajiri, alicheka.

"Hodi! Nimeokota kitu kwa takataka," Mama Wanjiru alisema mlangoni, akihema. "Mnataka?"

"Hiyo kitu ni ya nini?" Susu hata hakuinua macho. "Iko na kichwa kama malenge."

"Basi wacha niende nayo Mathare, huko watanunua."

"Weka tu hapo. Nitakupa mahindi kidogo."

Hivyo Mbiti akawa wetu kwa kibaba cha mahindi. Mimi nilifurahi sana, nikidhani mchezo umekwisha. Kumbe kwa susu ndio ulikuwa unaanza. Sisi wengine tuliweza kumbeba, ila tusimsifu. Yeye hakumgusa tena kamwe. Aliamini kwamba kifo kilikwisha kuijua mikono yake, na kila kitu ilichokishika kwa mapenzi, kifo kilikifuata.

Mimi alinilea kwa kunibeba. Nilikuwa nimekaribia kuanza shule na bado ananitia mgongoni twende sokoni, huku akinisimulia habari za milima ya kwao. Mbiti hakupata hata siku moja ya hayo. Susu alimsagia wimbi, akampikia uji, akaupoza, kisha akanikabidhi bakuli: "Mpe huyo wa jaani." Alifua nepi zake akizitukana. Nilipata kumwona, akidhani yuko peke yake, akifunika uso kwa blanketi la mtoto na kuvuta harufu yake, kisha akalitupa kitandani kama lililomchoma.

Na Mbiti, katika watu wote, alimtaka yeye. Alipoanza kutambaa, safari zake zote ziliishia miguuni pa susu. Alivuta nyuzi za kiondo, akainua mikono abebwe. Susu alikishika kiondo kwa mikono miwili akaita, "Kujeni mtoe hii fisi yenu hapa!" Sauti ilikuwa kali, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi. Nilikuwa mdogo, na bado moyo uliniuma.

Kisha surua ikaingia mtaani. Asubuhi ambayo mama alimfunga leso kumpeleka hospitali, Mbiti alikuwa amelegea, macho mekundu. Walipofika mlangoni alimwona susu, akanyoosha mikono.

"Mama, mshike tu kidogo," mama yangu alimwomba.

"Nikimshika kitamjua."

Akaificha mikono ndani ya leso yake. Mbiti aliendelea kunyoosha mpaka walipopinda kona, na kesho yake akafa huko wadini.

Siku ya kwenda Lang'ata kumzika, sanduku lilikuwa dogo, baba amelipakata ndani ya pikapu ya kuazima. Susu akasema, "Nipe." Akalikumbatia njia nzima, akiliita Daudi, akilisimulia habari za milima ya kwao. Hakuna aliyethubutu kumtazama. Mimi nilimtazama.

Majirani walitafuta kosa. Wengine walisema ni lile lori, wengine wakasema Mama Wanjiru alitoka mapema. Susu alisema kosa ni lake, kwamba alimtazama mtoto mno na kifo kikamsoma machoni. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, wala baba na maombi yake, wala mimi nilipokua nikamweleza habari za chanjo. Alinisikiliza kwa upole, akaendelea kujilaumu kwa kupenda waziwazi.

Laiti angekuwa na kosa hilo. Mimi nilikuwepo, na najua aliyaficha mapenzi yale kwa nguvu zake zote, na nguvu zake hazikuwa haba. Kifo hakikudanganyika hata kidogo. Aliyedanganyika ni mtoto, ambaye aliondoka pale mlangoni akiwa amenyoosha mikono, akijua kwamba susu hamtaki.