Nguzo ya Rais Iliyolala Godoroni

Pale gazetini walimwita Fundi Nguzo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora nguzo za takwimu: chini ya rais huyu uchumi ulikua kiasi gani, chini ya yule kiasi gani. Alikuwa mtu mpole, mwoga kupita kiasi. Mhariri akisema, "Fundi, anzia tano," alianzia tano. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Ukianza kuhesabu kwenye tano badala ya sifuri, asilimia tano nukta moja ya rais aliyepita inakuwa kisiki, na tano nukta nne ya rais wa sasa inakuwa ghorofa.

Ghorofa hilo lilileta balaa nyumbani kwake. Mwaka jana mkewe, shabiki wa rais wa sasa, alilikata gazetini akalibandika kwenye friji. Shemeji yake, kaka wa mkewe na shabiki wa rais aliyepita, akalichana. Ndugu hao wakatoleana maneno mazito, na tangu siku hiyo hawajajuliana hali. Fundi Nguzo, aliyejua kwamba tofauti yenyewe ni kiduchu, alikula chakula chake kimya. Aliona aibu, lakini mkate haupakwi ukweli.

Mwaka huu, zikiwa zimebaki dakika arobaini gazeti liende mtamboni, ofisi ya takwimu ikaleta masahihisho: rais wa sasa si tano nukta nne, ni nne nukta tisa. Fundi akaingiza namba. Nguzo ya rais ikageuka kichwa chini, ikapenya mstari, ikaangukia tangazo la magodoro.

Mhariri akashika kiuno. "Wewe! Umemlaza rais?"

"Kajilaza mwenyewe, mkuu. Sakafu yetu ni tano."

"Ishushe basi!"

"Mpaka wapi?"

"Popote! Hata sifuri!"

Amri hiyo Fundi alikuwa ameisubiri miaka kumi na tisa. Akabonyeza mara moja. Nguzo mbili zikasimama bega kwa bega, pacha kasoro unywele.

"Mbona wanalingana?" mhariri akauliza.

"Siku zote walikaribiana hivi, mkuu."

"Hebu nyamaza," mhariri akasema, akaidhinisha ukurasa.

Asubuhi mkewe akafungua gazeti, akachukua rula ya mtoto, akapima. "Baba watoto, mwaka jana wetu alikuwa mara nne ya wao. Huyu wao kapanda lini, naye ameshatoka madarakani?"

Angeweza kuisingizia ofisi ya takwimu. Maneno yalishamfika mdomoni. "Hajapanda," akasema. "Nguzo nilizikata chini mimi. Walipishana kidogo tu. Nisamehe, mama watoto."

Mkewe akaiweka rula mezani. "Yaani mwaka mzima sijamsalimia kaka yangu kwa ajili ya vidole vyako?"

Hakungoja jibu. Alichukua simu, akabonyeza namba, akamkabidhi mumewe. "Mweleze mwenyewe."

Simu iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Dada?" shemeji akauliza. "Dada, nani kafariki?"