Mikonge ya Mpakani

Oliva wa kijiji cha Masieda ni mama wa miaka sitini na kunong'ona hajui. Muulize kama chumvi imezidi, atakwambia imezidi, hata kama mpishi ni mkwe wake. Lakini mwaka jana ulimi huo ulimwia mzito, maana mkosaji alikuwa kaka yake Margwe, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

Margwe alikuwa amelima na maksai wake hadi ndani ya shamba la jirani, mjane Fransiska, akang'oa na mikonge ya mpakani. Mikonge hiyo Oliva aliipanda na baba yao, akiwa msichana. Ukimwacha Margwe, ni yeye tu aliyebaki anayejua ilipopita.

Mpangaji wake Mwita, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Tarime, alimshauri anyamaze. Kwao, alisema, dada hamwaibishi kaka yake mbele ya watu. Huyo mjane atafute shahidi mwingine. Oliva alimsikiliza huku akipepeta maharage, kisha akamweleza kwamba huku mambo ni kinyume. Kosa la mmoja ni la nyumba nzima, na nyumba ikilificha majirani huacha kufika, kwenye kazi na hata kwenye msiba. Akinyamaza, atakuwa amemtupa Margwe. Alipomaliza kusema akalia, kwa sababu hakuwa na mtu aliyempenda zaidi ya kaka yake.

Siku ya kikao cha kuamua mpaka alitangulia shambani mbele ya wazee, akahesabu hatua, akasimama.

"Mpaka ni hapa," alisema. "Kaka yangu amekosa. Nawaomba mmpokee."

Margwe akakiri. Aliambiwa arudishe shamba na apike pombe anywe na jirani yake, naye akafanya hivyo. Wakati wa kuvuna, watu walijaa shambani kwake kumsaidia kama zamani, na Oliva alifurahi mno kuwaona.

Mchana wanawake walipeleka chakula. Oliva alifika wa kwanza mahali alipokaa Margwe, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Margwe alikuwa anatazama mahindi. Fransiska akaja nyuma na bakuli la mboga, naye akamwamkia.

"Marahaba, Fransiska," alisema Margwe. "Karibu ukae."

Oliva akaweka ugali chini, akarudi jikoni kuchukua maji ya kunawa.