Sauti ya Mama Kwenye Nakala

Mama alipofariki, rekodi za sauti yake zote nilikuwa nazo kwenye laptop. Ndugu yangu, fundi wa kompyuta pale mjini Wote, ndiye aliyenipangia nakala za akiba. Folda ya mambo ya ofisi iliitwa [kazi], na haikuwa na haja ya kunakiliwa, kwa hivyo akaandika [kazi]* kwenye orodha ya vitu vya kurukwa.

Siku moja stima ilirudi na nguvu ikaunguza laptop. Nikafungua nakala. Mabano shenzi hayo! Kumbe kwa kompyuta, ndani ya mabano hakuna neno. Kuna herufi nne, kubwa au ndogo, na kila jina linaloanza na mojawapo linarukwa. "Akiimba kanisani" imeenda. "Akituita chakula" imeenda. "Kanyangi shambani, tukipura ndengu" imeenda.

Nilimfokea ndugu yangu mpaka akalia, na alikuwa mama yake pia.

Ilibaki "mgonjwa" peke yake. Mama anakohoa, anakohoa tena, kisha ananiambia: "Zima hiyo simu, mwanangu. Utanirekodi Jumapili nikiimba."