Springi ya Garimoshi la Baba

Nikipita kwa fundi redio pale sokoni, harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka inanisimamisha. Ni harufu chungu kidogo, inakaa kooni. Watoto wangu hunivuta kanga: "Mama, twende." Wao wanaona mtu anatengeneza redio. Mimi niko Kawajense nilikokulia, kwenye jiko letu la nyasi ambalo baba aliligeuza karakana, mama akahamia kupikia nje juani, akinung'unika bila kutaja mtu.

Nitaeleza ninavyokumbuka. Shule niliishia la saba, na siku yenyewe nilikuwa mtoto, kwa hiyo pengine nitamwonea mtu. Sitaki.

Baba alikuwa fundi wa reli. Miaka ile ya tisini walipunguza watu kazini, naye akawemo. Wengine walirudi shamba. Yeye alikaa muda mrefu akisikiliza tu honi ya treni ikiingia Mpanda, ambako reli inaishia, halafu akaanza kutengeneza treni yake. Si ya makopo kama zetu watoto. Garimoshi la kweli, la mvuke, lenye urefu wa mbuzi mdogo. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, aliitengeneza kwa bomba la shaba. Silinda zilitoka kwenye pampu za baiskeli. Mkaa wake niliuvunja mimi kwa nyundo mpaka ukawa kama punje za maharage, na mikono yangu ilikuwa myeusi hata kanisani.

Majirani walisema ni wazimu. Lakini Bruda aliyesimamia karakana ya ufundi ya misheni alisikia habari, akaahidi kuja Jumapili baada ya misa. Likitembea, baba angepata kazi ya kufundisha vijana. Lisipotembea, tungehamia Mwamkulu kulima mpunga, na mimi niliogopa ruba wa majarubani kuliko shetani.

Aliyekuja kila siku kutazama ni baba mdogo Fidelis, mtoto wa shangazi yake baba. Kwetu mabinamu ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unacheka, unakikomboa kwa jogoo, yamekwisha. Baba mdogo zamani alikuwa mtia kuni kwenye treni za mvuke, na alipenda kusema kwamba yeye alilisha treni wakati baba anazipaka mafuta tu.

Jumamosi waliwasha kujaribu. Maji yalipochemka, kwenye mshono wa pembeni vikaota vitone vidogo.

"Binamu," akasema baba mdogo, "mtoto wako ana homa. Ona anavyotoka jasho! Mpe klorokwini umlaze, kesho asiende popote."

"Jasho ni lako wewe, mbeba kuni."

"Haya. Akifa nitakuja matangani, na nitakula chungu kizima."

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba alizima moto, akafuta mshono, akapitisha risasi nyingine juu yake huku nimemshikia taa. Akasema polepole, kama anajisemea, "Hapa pangetaka shaba ya kuchomelea. Risasi haipendi moto." Lakini shaba hiyo hatukuwa nayo, na kesho yake ilikuwa Jumapili.

Asubuhi springi haikuwepo. Juu ya boila palikuwa na kitundu chenye kizibo, na kizibo kilikandamizwa na springi ndogo. Mvuke ukizidi nguvu, springi inashindwa, kizibo kinainuka, boila inapumua. Baba alikiita kipumulio.

Hakuna aliyeuliza nani kachukua. Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda, anakula kiazi.

"Mtani, springi yangu."

"Nimeila. Ngojeni, kesho itatoka."

Mama akamkamata jogoo wetu mwekundu, yule aliyekuwa akiwafukuza mbwa wa jirani. "Haya shemeji, chukua jogoo, toa kitu cha watu."

Baba mdogo alimtazama jogoo muda mrefu. "Amekonda huyo. Simtaki."

"Nyie mna mambo!" mama akasema, akamwachia.

Jogoo yule hakuwa amekonda.

Watu walishaanza kutoka misani. Baba akacheka, maana mtani hakasirikiwi, akafungua kitasa cha mlango wetu, akatoa springi iliyokuwa ndani, akaikata, akaifunga kwenye kipumulio.

"Binamu, subiri kesho," baba mdogo akasema, amesimama.

"Nisubiri utoke chooni?"

Uani wakaangua kicheko.

Lilitembea. Hili nataka lijulikane. Lilizunguka uani kwetu juu ya reli za mbao na bati, likipumua kama mtu anayepanda mlima, na Bruda akachuchumaa vumbini na kanzu yake nyeupe, anacheka kama mtoto. Mzunguko wa pili baba aliinama kupunguza mvuke. Kipumulio kilikuwa kimya. Nikasikia sauti kama kitambaa kinachanwa, pakawa peupe kwa mvuke, na baba akawa amekaa chini ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Bruda alimpakia kwenye gari lake mpaka hospitali. Alirudi kumtazama mara nyingi, lakini vidole vya baba havikunyooka tena, na karakana ilitaka mtu mwenye mikono miwili. Simlaumu. Tulihamia Mwamkulu.

Kila msimu baba mdogo alikuja kutusaidia kupalilia. "Mwizi wangu amefika," baba angesema, wakacheka. Miaka yote nilijua ule ndio msamaha.

Baba alipofariki, baba mdogo alikuja matangani kama mtani anavyotakiwa. Alivaa koti la baba la reli, akakunja vidole kama vyake, akazunguka waombolezaji akipuliza, "Puuu! Nani kaniibia springi?" Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Lakini nilipompelekea chakula nyuma ya nyumba, hakukigusa.

"Adelina, mwanangu, nilitaka asiwashe. Niliuona ule mshono."

"Si ungemwambia, baba mdogo?"

"Nilimwambia. Mkacheka."

Nimepima pande zote. Mtani anayetania angemchukua jogoo. Springi ya kitasa ilikuwa ngumu mno. Ile ya kwanza ingekuwepo, huenda boila ingepumua. Mshono ungekuwa wa shaba, huenda hata ile ngumu isingedhuru. Sina wa kumhukumu. Ninachokiona sasa ni wanaume wawili palizini, mmoja mila imemnyima hasira, mwingine imemnyima kuomba radhi, wamebaki na kicheko tu, na mimi pembeni nikidhani wana furaha.

Siku hizi mtu akinitania, nacheka naye. Halafu namuuliza: "Na jogoo, utamchukua?"