Kobe Aliyepakwa Mafuta

Mafuta ya kujipaka yakisuguliwa viganjani hadi yayeyuke hutoa harufu nzito, ya uvuguvugu, na mimi nikiisikia popote, hata kwenye foleni ya benki, narudi uani kwetu Donholm siku ya Jumapili asubuhi. Mama alitupanga mimi na wadogo zangu kando ya bomba, akatupaka mmoja mmoja. Alikuwa na mikono ya nguvu. Alianza na uso, akashuka shingoni, viwiko, magoti, akamalizia na visigino, na ukijaribu kumkwepa alikuvuta sikio bila kukatiza wimbo aliokuwa akiuimba. Kwake, mtoto kupauka lilikuwa jambo la aibu kuliko mtoto kuanguka mtihani, kwa sababu mtihani watu hawauoni ukipita barabarani. Tulifika kanisani tuking'aa, vumbi lote la njiani limetuganda magotini, na yeye akakaa nyuma yetu ameridhika kabisa. Nilichukia mafuta hayo. Leo nina binti wa miaka sita, nami nampaka vivyo hivyo, na yeye ananichukia vivyo hivyo.

Lakini kisa ninachotaka kusimulia ni cha kobe. Baba alikuwa karani katika baraza la jiji, mtu mpole wa miwani, na raha yake kubwa ilikuwa wanyama ambao watu wengine huwakimbia. Aliweza kusimama nusu saa akimtazama mjusi ukutani kama mtu anayesoma gazeti. Mwenzake kazini alipostaafu na kurudi mashambani alimwachia kobe wake, na kibali cha kumfuga kikaandikwa upya kwa jina la Baba, maana kwetu huwezi kuokota tu mnyama wa porini ukamweka nyumbani. Alikuwa kobe mkubwa wa madoadoa, mpana kama sufuria ya ugali wa wageni. Baba alimwita Diwani. Alisema amefanya kazi na madiwani miaka mingi na hajaona kiumbe kinachofanana nao zaidi: anakula vya watu, analala mapema, na ukimhitaji anaingiza kichwa ndani. Uani kwetu kulikuwa na tangi la maji, kamba ya nguo na kichaka kimoja cha hibiskasi, na Diwani alikuwa akizunguka vitu hivyo vitatu kila siku kwa mpangilio uleule. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Nikitoka shuleni nilikaa naye chini kabla sijavua sare, nikamwambia mambo ya darasa la tano ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na subira ya kuyasikiliza.

Mama hakumtaka. Kwao Kakamega, alisema, mnyama wa nyumbani ni kuku, ng'ombe na mbwa, na wengine wote wana kwao. Hakumwita Diwani hata mara moja. Alimwita "hicho kitu chenu". Kitu chenu kimelala kwenye beseni langu. Kitu chenu kimekula mche wangu wa dania. Akianika nguo alimpitia mbali, ameshika sketi yake juu kidogo, ingawa Diwani hakuwa na haja yoyote na sketi yake. Baba alikuwa akinikonyeza. Tulidhani hali itabaki hivyo miaka yote, yeye analalamika nasi tunacheka.

Mambo yaliharibika siku ya maombi. Wanawake wa kanisa letu walikuwa na zamu ya kuombea nyumba za waumini, na likizo ya Agosti zamu ikafika kwetu. Mama alisugua sakafu, akatoa vitambaa vya makochi vile vya kufuma ambavyo hatukuruhusiwa kuvigusa, akakaanga mandazi. Sebule ikajaa. Mke wa mchungaji akapewa kiti kizuri karibu na mlango wa jikoni ili apate hewa. Sote tulikuwa tumefumba macho, na mama mmoja mwenye sauti kubwa alikuwa akimwomba Mungu amfichue adui yeyote aliyejificha katika nyumba hii, Diwani alipoingia kutoka jikoni. Sasa, kobe hupenda vitu vyekundu. Hibiskasi, nyanya, ganda la tikiti maji. Na mke wa mchungaji, ambaye alikuwa akituhubiria kila mara juu ya urembo wa dunia, alikuwa amepaka kucha za miguu rangi nyekundu, akazificha ndani ya viatu vya wazi chini ya gauni refu. Diwani aliuma kidole gumba. Mke wa mchungaji hakuumia sana, lakini alipiga mayowe yaliyosikika hadi barabarani, akainua mguu juu, na wanawake wote wakafumbua macho wakaona kobe, na wakaona kucha. Hakuna aliyejua atazame kipi.

Wengine waliona jambo hilo ni la kuchekesha, na mimi nililicheka wiki nzima, lakini Mama alilia jikoni. Aliaibika mbele ya watu aliowaheshimu, tena ndani ya nyumba aliyoisugua kwa mikono yake. Jioni alimwambia Baba bila kupandisha sauti, "Baba Ayuma, shule ikifunguliwa nisikione tena hicho kitu hapa." Baba hakubishana. Alimjua mkewe, na alijua kwamba akiongea polepole hivyo amemaliza. Aliniita uani akanieleza kwamba kutakuwa na maonyesho ya wafugaji wa wanyama watambaao katika ukumbi mmoja Kariobangi, watu watakuja na wanyama wao kutoka Thika, Machakos, hata Arusha na Kampala. Tutampeleka Diwani huko. Bwana Muchiri wa Juja, rafiki yake mwenye shamba na kobe wengine, atakuwepo, na maonyesho yakiisha ataondoka naye. "Angalau atoke kwetu akiwa ameonekana na watu," Baba alisema. Nilikubali kwa kichwa, nikaenda kukaa chini kando ya Diwani.

Wiki zile za likizo nazikumbuka vizuri kuliko miaka mizima iliyofuata. Niliamka na huzuni na kulala nayo, lakini katikati kulikuwa na raha pia, maana nilikuwa na kazi. Baba alinipeleka kwa fundi wa jua kali Kariobangi, mtu aliyetengeneza majiko na masanduku ya shule, akatuundia kreti ya mabati yenye wavu wa kuku juu na vishikio pande mbili. Alipoambiwa ni ya kobe alisimamisha nyundo akauliza kama kobe ana haraka nayo. Nyumbani nilijifunza kumpima Diwani, kumwogesha kwa maji ya vuguvugu, kusafisha makucha yake kwa mswaki wa zamani. Nikaona pia jambo ambalo sikulielewa. Vijiti vya sukuma wiki, ambavyo Mama alikuwa akivitupa vizima kwenye ndoo ya taka nami nikaviokota, vilianza kuwekwa kwenye sahani ya plastiki, vimekatwakatwa vidogovidogo. Nilimuuliza. Akasema taka ikikatwa haijazi ndoo, nami nikamwamini.

Asubuhi ya maonyesho nilitoka uani nimevaa gauni langu la kanisa nikamkuta Mama amechutama kando ya bomba, pale pale alipokuwa akitupanga sisi. Diwani alikuwa juu ya beseni lililopinduliwa, ameoshwa, na Mama alikuwa akimpaka mafuta. Alikuwa amefika kwenye gamba la nyuma. Kila doa la manjano liling'aa kama kigae cha sakafu ya hoteli. Baba alitoka nyuma yangu akasimama, kikombe mkononi. Nafikiri alijua kwamba haifai, lakini alimtazama mkewe akimshika kobe kwa mikono miwili, mwanamke aliyekuwa akimpitia mbali ameshika sketi yake, akaendelea kunywa chai yake. Mama hakugeuka. "Hawezi kwenda kwa watu amepauka," alisema. "Watauliza ametoka nyumba gani." Kisha akachovya kidole koponi akampaka na miguu.

Jirani yetu muuza makaa alitubeba kwa pikapu yake, Diwani nyuma ndani ya kreti nami nimeshika kishikio, upepo wa barabara ya Outer Ring ukitumwagia vumbi sote wawili. Nje ya ukumbi mhubiri mmoja alikuwa amekuja na kipaza sauti kuwaonya watu juu ya nyoka wa bustani ya Edeni, na kando yake mama mmoja alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha, na biashara zote mbili zilikuwa zikienda vizuri. Ndani sikujua nianzie wapi. Kulikuwa na chatu amejizungusha kwenye shingo ya kijana wa Kampala kama skafu, kinyonga wa pembe tatu juu ya tawi la mpera, mijusi wa buluu ndani ya vioo vilivyowashwa balbu. Watoto wa Kariobangi walijipanga kumgusa chatu, wakimgusa wakapiga kelele, wakarudi mwisho wa foleni. Na watu wazima walikuwa wakiongea juu ya wanyama hao kwa mapenzi, bila kuona haya. Sikuwa nimewahi kujua kwamba Baba ana kabila jingine zaidi ya letu. Aliamkiwa kila meza. Mama alibaki mlangoni, mkoba kifuani, akasema kutoka hapo anaona vizuri.

Tuliweka kreti yetu kwenye meza ya kobe. Kijana mmoja mwenye kofia alipita akarudi nyuma. "Niaje, mtoi. Hiyo kobe yenu inang'aa aje hivyo? Mmeipaka nini?" Nikajibu kwa fahari kwamba mama yangu ndiye amemtengeneza. Muda si mrefu akafika mkaguzi, daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye glavu mfukoni. Alimwinua Diwani, na vidole vyake vikateleza. Akatazama mkono wake. Vumbi lote la Outer Ring lilikuwa limeganda kwenye gamba kama unga kwenye mandazi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida ya kidaktari, lakini meza yote ilisikia: "Nani amempaka huyu mafuta?"

Baba alifungua mdomo, na najua alikuwa anataka kusema ni yeye. Lakini Mama alikuwa ameona kutoka mlangoni kwamba kuna kitu. Alipita katikati ya ukumbi ule, kando ya chatu, kando ya vioo, bila kushika sketi. "Ni mimi, Daktari." Daktari akamweleza kwa upole kwamba gamba la kobe si la kupakwa mafuta, kwamba linanasa uchafu na linaweza kuota ukungu, na kwamba aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana, tena na tena, mpaka yatoke yote. Kisha akauliza alimpaka kwa nini. Mama alinyoosha shingo. "Daktari, wewe ukiwa na mtoto, unaweza kumtoa nje amepauka?" Watu wakacheka, na daktari akacheka zaidi, akasema hapana, hata yeye mama yake alikuwa akimpaka mpaka kalamu inamponyoka darasani. Utepe wa ushindi hatukupata. Ulienda kwa kobe wa Machakos ambaye, kwa maoni yangu mpaka leo, hakuwa na lolote.

Bwana Muchiri alikuja saa ya kufunga, mzee mnene mwenye tabasamu, gari lake tayari mlangoni. Nilikuwa nimeshika kreti kwa mikono yote miwili, natazama sakafu. Mama akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za Juja, kisha akaanza kumhoji kama mtu anayeozesha binti.

"Huko kwako nani huwapa maji?"

"Kuna kijana wa shamba, Mama Ayuma."

"Na akienda kwao Krismasi?"

Muchiri akakuna kichwa. Akaulizwa kuhusu mbwa. Akaulizwa kuhusu chakula, akasema huwa wanawarushia tu kabichi.

"Nzima?"

"Wanajua kuila."

Mama aliitazama kreti. "Diwani hali vitu vikubwa," akasema. Baba aligeuka kumtazama, nami nikainua macho kutoka sakafuni, maana hatukuwa tumewahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake. "Halafu, Mzee, mimi siwezi kukupa kitu nimeharibu mwenyewe. Wacha kwanza nimwoshe hayo mafuta. Akitakata nitakuita."

Huwezi kubishana na neno kama hilo, kwa maana kwetu hakuna mtu muungwana anayerudisha sufuria ya jirani ikiwa na masizi. Muchiri akasema sawa. Jioni ile nilikaa nyuma ya pikapu na Diwani, nikalia sana, na nilikuwa na furaha.

Sasa mimi pia ni mfugaji mwenye kibali, nina vinyonga wawili kwenye roshani ya gorofa ya nne, na kila mwaka naenda kwenye maonyesho. Yamekuwa makubwa, yana taa na skrini, na watoto wanampiga chatu picha badala ya kumgusa. Uani kwetu Donholm kumebanwa na magorofa pande zote, jua linaingia kwa muda wa saa mbili tu, adhuhuri, na Diwani amebadilisha mzunguko wake ili alifuate. Baba amestaafu na anamtazama kutoka kwenye kiti. Bwana Muchiri alikuwa akipiga simu kila likizo kuuliza, na Mama akimjibu kwamba bado, pale nyuma karibu na mkia kuna mafuta kidogo. Mwishowe akawa anapiga kwa ajili ya kucheka tu, mpaka alipofariki, na Mama akaenda Juja kumzika.

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu Donholm, amepakwa mafuta anang'aa, amenuna. Tulimkuta Mama amechutama kando ya bomba kwa shida, magoti siku hizi hayamtaki, akimsugua Diwani mgongoni kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Hakukuwa na mafuta yoyote pale. Hayajakuwepo kwa miaka mingi. Binti yangu akachutama kando yake, akauliza, "Kukhu, huyu kobe ni wa nani?"

Mama hakuinua kichwa. "Ni wa mzee mmoja wa Juja," akasema. "Mimi namwoshea tu."