Mchungaji Aliyehukumiwa Kutembea

Majina yote ninayo. La kila mtu nitakayemgusa hapa, la baba yake, na la ukoo wa mama yake. Sitayaandika. Wenye majina wako hai, tunakutana mnadani, na mmoja wao ana ulimi kunishinda.

Nianze na mtoto wa kaka yangu, maana yeye ndiye aliyenitoa jikoni mwaka ule wa uchaguzi.

Kwetu Karatu kukimbia si ajabu. Ukiamka mapema unawaona vijana na bukta zao wanapanda kuelekea msitu wa Ngorongoro, wanarudi vumbi jekundu limewaingia mpaka kwenye kope. Wengi wanachoka, wanaoa, wanaacha. Huyu wetu hakuacha. Alikimbia mpaka wakaanza kumlipa, wakampeleka nchi za baridi akakimbie barabarani huku watu wamejifunika makoti wakimpigia makofi. Alirudi na medali, na goti bovu. Goti lilipokataa kabisa, akaja kwangu akaniambia ameitwa.

"Umeitwa na nani?"

"Na Mungu, shangazi."

Nikamwambia, basi alikuwa anakusubiri uchoke, maana kabla ya hapo asingekupata.

Akasoma, akawa mchungaji, na ukweli usemwe, mchungaji mzuri. Mahubiri yake mafupi. Watu wakitoka kwake ndiyo kwanza makanisa mengine yanatangaza matangazo. Ubatizo wake wa haraka, ndoa zake za haraka, na mazishi pia. Alizika kwa upole, lakini kwa mwendo. Mkiwa bado mnatafuta mahali pa kusimama, yeye ameshasema amina.

Halafu akataka udiwani. Kaka yangu alinuna, wazee wa kanisa wakakuna vichwa, mwisho wakampa likizo akajaribu. Mimi nilimuuliza sababu, akanijibu vizuri. Akasema kila Jumapili anaombea maji, na kila Jumatatu anawaona akina mama na ndoo vichwani wakishuka bondeni kama hakuomba. Maji yamekaa kwenye makaratasi ya mipango, na makaratasi yanataka mtu wa kuyasukuma. Nilipoona macho yake, nikajua anautaka ule udiwani kama alivyokuwa anautaka ule utepe wa mwisho.

Shida ilikuwa moja. Hakuwajua watu. Si kwa kiburi, msimwelewe vibaya. Mtu aliyeishi maisha yake akikimbia mbele ya wenzake, nyuso atazionea wapi? Kila mwanamke kwake alikuwa "mama mpendwa", kila mwanaume "baba wa imani", na palipomzidi alisema "Bwana asifiwe" akapita. Kanisani inawezekana. Kwenye kura, watu wa kwetu wanataka uwaulize kama ng'ombe aliyekuwa anaumwa amepona, na uwe unamkumbuka ng'ombe mwenyewe.

Kwa hiyo akanichukua mimi. Nilikaa mbele kwenye gari ya kampeni, nimejitanda, na tukiikaribia nyumba namnong'oneza. Yule mwenye kitenge cha njano ni binti wa fulani, mwanawe yuko jeshini, mwulize habari za mwanawe. Yule anayechunga mbuzi usimwulize mke, mke amerudi kwao. Naye anatoka, anauliza kama nilivyomwambia, na watu wanasema, kumbe mchungaji anatujua. Msimamizi wake wa kampeni, kijana wa Arusha mwenye simu mbili, alikuwa ananiita "bibi kompyuta". Nilikuwa sijamwambia bado kwamba babu yake namjua na kwamba alikuwa mwizi wa kuku.

Basi siku moja jino likanishika. Shavu lilivimba, nikalala. Wakaenda bila mimi, kwenye kile kilima kilicho upande wa Qurus, ambako nyumba ni nyingi na watu wana tabia ya kupiga kura kwa pamoja.

Nilichosimuliwa ni hiki, na nimesimuliwa na kila aliyekuwepo. Akina mama walikuwa uwanjani kwa mjane mmoja wanapura mbaazi. Gari haijasimama vizuri, yeye ameshuka, anapanda kilima kwa miguu mirefu, watu wanacheka, wanapenda. Akafika, akampa mjane mkono.

"Mama mpendwa, hamjambo hapa? Na mzee yuko wapi, amekwenda mnadani?"

Fimbo za kupurea zikasimama hewani. Mume wa yule mama alikuwa amekufa baada ya masika, na aliyemzika ni mchungaji huyu huyu. Kaburi liko nyuma ya nyumba, msalaba unauona ukiwa barabarani.

Mjane akamjibu polepole, "Mzee hajaenda mbali, mchungaji. Yuko pale nyuma, ulipomwacha mwenyewe."

Hapo angeanguka chini akaomba radhi, yangeisha. Lakini mwenzenu alikuwa ameshageuka, jicho liko kwenye nyumba ya pili. Akapunga mkono akasema, "Basi mpe salamu zangu."

Habari ilinifikia kitandani kabla gari haijarudi. Jino liliacha kuuma kwa muda.

Sasa kwetu, tangu enzi za bibi zangu, mwanaume akimdharau mwanamke kwa jambo zito, wanawake wanaacha kazi na kukaa. Wakikaa wamekaa. Hapikwi, hakuendwi shamba, na mwanaume hasogei mpaka neno litoke. Kwa kawaida neno ni faini ya kondoo, au ng'ombe kama jambo limezidi. Siku ya pili nikasikia wanawake wa kilima kizima wamekaa, na waume zao wanajipikia ugali mbichi wakimlaani mchungaji.

Kijana wa simu mbili akaja kwangu mbio. "Bibi, tupeleke soda na khanga, yaishe."

"Peleka," nikamwambia. "Wakishapokea watakwenda kusema mmetoa rushwa. Wanajua sheria ya uchaguzi kuliko wewe."

"Sasa tufanye nini? Kile kilima kikiondoka, kata imeondoka."

Nikajifunga khanga, nikamchukua mtoto wa kaka yangu kama alivyokuwa, tukapanda. Njia nzima alikuwa anajifunza jina la marehemu. Analisema, analirudia, kama mtoto anayetumwa dukani.

Tuliwakuta wameketi kwenye nyasi, miguu wameinyoosha. Mimi sikuruhusiwa kusema, nikiwa damu yake. Nilikaa pembeni. Yeye akasimama katikati, mrefu, mikono haijui pa kukaa.

Mama mmoja mzee akaanza. "Mchungaji, wewe unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Unafukuzwa?"

"Hapana."

"Basi huwa unawahi nini?"

Wakacheka kidogo, lakini si kicheko cha kusamehe. Yeye akasema amekosa, akalitaja jina la marehemu, akalitaja sawasawa, na ninaona hilo lilipunguza kidogo. Wengine wakasema atoe kondoo mweusi, tuondoke, mbaazi zinaliwa na kuku. Mjane akakataa.

"Kondoo atamtoa kwa simu. Ataletwa na pikipiki, na yeye muda huo ameshafika Baray. Mimi nitakuwa nimepata nini? Kondoo ninao."

"Sasa unataka nini, dada?" wenzake wakamwuliza.

"Atembee na mimi. Nyumba zote za kilima hiki, siku nzima, kwa mguu wangu. Si kwa mguu wake."

Yule mama ana nyonga mbaya. Anatembea na mkongojo, na kila penye jiwe zuri anakaa. Wanawake wakatazamana, wakaona hukumu imeenea. Wakaongeza masharti. Kila nyumba asimame nje, aite, asubiri kuitikiwa. Akikaribishwa akae. Akipewa kitu anywe mpaka chini. Na saa aivue.

Saa yake ilikuwa ile kubwa ya wakimbiaji, inayohesabu mapigo ya moyo. Nikapewa mimi niishike. Nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikakaa kivulini, na ile saa ikawa inanitetemekea kiunoni kila mara. Jioni msimamizi aliniambia ilikuwa inanikumbusha ninyanyuke nitembee. Hata mume wangu hakuwahi kunisumbua hivyo.

Niliwaona walipoanza. Mjane hatua, mkongojo, hatua. Mchungaji anakwenda hatua mbili, anajikuta peke yake, anarudi, kama ndama aliyefungwa kamba. Yaliyofuata sikuyaona, lakini niliyasikia, maana kila nyumba ilinisimulia baadaye.

Nyumba ya kwanza alipewa uji, akaunywa kwa haraka yake. Wakamwongeza. Ya pili alipewa maziwa ya mgando. Ya tatu akaanza kujifunza kushika kikombe. Mjane alikuwa anamwambia: hapa alizaliwa nani, hapa tembo waliangusha ghala, hapa baba na mwana hawasemezani kwa sababu ya mpaka, usimsalimie mmoja bila mwingine. Nyumba moja mzee akamwuliza kuhusu maji. Mchungaji akafurahi, akavuta pumzi aanze hotuba, mjane akamgusa na mkongojo mguuni.

"Leo hugombei. Leo umeadhibiwa."

Akarudi kwenye kikombe chake. Chini barabarani kijana wa simu mbili alikuwa anazunguka gari, maana upande wa pili wa kata kulikuwa na mkutano, watu wamekusanyika, spika zimefungwa, na mgombea yuko kilimani anakunywa maziwa. Mkutano ule ulikufa. Mpinzani wetu alipita pale alasiri akakuta watu wameshakaa, akahutubia yeye. Kijana alinipandia akilalamika, nikamwambia aende mwenyewe akamwombe mjane. Aliangalia kilima, akarudi kwenye gari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mwenyewe, na hawakuingia ndani. Walizunguka nyuma. Mimi nilisogea kidogo, shangazi ni shangazi. Mjane alikaa kwenye ukingo wa kaburi, akamsimulia mchungaji habari za mume wake: alivyokuwa anaimba akilisha ng'ombe, sauti mbaya, ng'ombe wamezoea, alivyokuwa akinuna anamfichia mkewe chumvi. Akasema, "Siku ulipomzika sikupata hata kulia vizuri. Nilipoinua kichwa ulikuwa unaingia kwenye gari."

Mchungaji akapiga magoti, goti bovu likiwa la kwanza. Akaomba. Nimemsikia akiomba miaka mingi, lakini siku ile aliomba mpaka watu wakabadilisha mguu wa kusimamia. Alisimama kwenye kila neno kama mjane kwenye mawe. Mwisho yule mama alilia, na hakuna aliyemharakisha.

Hukumu ikawa imeisha. Wanawake wakarudi majumbani, waume wakala chakula kilichoiva.

Tungedhani basi. Lakini siku chache baadaye, katikati ya kampeni, akamtoroka msimamizi wake akapanda kilima kile kwa miguu, peke yake. Akarudi tena. Akawapatanisha wale baba na mwana wa mpakani, jambo ambalo mwenyekiti na polisi walishindwa. Watoto wakawa wanamtania, wanatembea nyuma yake wakichechemea. Kilima kizima kikawa kinasema huyu ndiye wetu. Hata kijana wa simu mbili akaacha kula kucha.

Siku ya kura nilivaa vizuri, nikapiga yangu. Ni siri, ila mimi ni shangazi.

Matokeo yakatoka, tumeshindwa. Si kwa mbali. Na tulipouliza kata imeondokea wapi, imeondokea kilimani.

Alikuja kwangu kesho yake, akakaa kwenye kiti cha jikoni, miguu imejaa sakafu nzima. "Shangazi, kile kilima kilinipenda."

"Kilikupenda."

"Sasa?"

Mimi jambo la watu likinishinda silali. Tukaenda kumwuliza mjane. Alitukaribisha na chai ya maziwa, hakuona haya hata kidogo.

"Mimi kura yangu nilimpa yule mwingine," akasema. "Na wenzangu nadhani hivyo hivyo. Tulizungumza."

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Mama, nilikukosea tena?"

"Hapana. Umetupendeza. Ila diwani hatembei, mchungaji. Aliyekuwepo tulimwona siku ya kuomba kura, tukamwona tena siku ya kuomba kura nyingine. Katikati alikuwa kwenye vikao. Tukikupa udiwani, nani atakuja kukaa pale nyuma na mimi? Tungejinyang'anya wenyewe."

"Na maji, mama? Mimi nilitaka kwa ajili ya maji. Ninyi mnashuka bondeni, si mimi."

"Maji yule ameyaahidi kwenye spika, tumesikia wote, mpaka ng'ombe. Yeye tumemweka ofisini. Wewe kazi yako ni kumfuata. Uende kila wiki, umwulize maji yako wapi. Akienda wilayani, mfuate wilayani." Akamwongezea chai bila kumwuliza. "Nani kwenye kata hii anaweza kukukimbia wewe?"

Mtoto wa kaka yangu akanitazama, anataka nimtetee. Mimi nilikuwa napuliza chai yangu. Akakitazama kikombe, akakitazama kilima, halafu akamwuliza mjane ofisi ya kata inafunguliwa saa ngapi.