Shikamoo, Mzee Mamba

Juzi nilimkuta binti yangu akiwafundisha wenzake mchezo wa kuigiza mezani, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Ngombezi, harufu ya katani mbichi ikitufikia kutoka kiwandani. Mimi nilisimulia safari, wenzangu wakawa wasafiri, na dadu ya ludo iliamua nani afaulu. Naserian, binti wa wafugaji, alikuwa mgeni.

"Umefika mtoni, kuna mamba. Unafanyaje?" nikamuuliza.

Aligeuza uso pembeni. Nilidhani anaringa, kumbe alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili.

"Namwamkia," akasema hatimaye. "Shikamoo, mzee mamba."

Wenzangu walicheka. Mimi nikampa dadu. Akairusha, ikaanguka sita: amefaulu.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikanguruma. "Pita."

Naserian akaruka kwa furaha. Nimefanya mengi tangu hapo, lakini jibu langu lile bado najivunia.